Msumeno wa Karani

Karani alikuwa akinusa vifaa kabla ya kuvinunua. Alisimama mbele ya kibanda pale Barabara ya Kirinyaga, koti la suti limefungwa vifungo vyote, akachukua patasi na kuipeleka puani kama mama anayekagua samaki sokoni, na wauzaji wakaanza kuangaliana na kucheka. Alishikilia kwamba chuma kizuri hakina harufu, na kwamba chuma kilichopakwa rangi ili kuficha aibu hunuka kama kiatu kipya. Mimi nimejaribu mara nyingi tangu wakati huo, na kwangu vyote vinanuka mafuta ya mashine tu.

Tulifanya kazi ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, yeye masijala akitunza mafaili, mimi mlango wa pili kwenye kitengo cha usafiri. Makarani walikuwa wengi mle ndani, lakini ukisema "Karani" kila mtu alijua ni nani. Hata mkewe, Mama Njeri, alimwita hivyo, kwanza kwa utani halafu kwa mazoea. Saa ya chakula wenzetu walipoteremka kwenda kula chapati na maharagwe, yeye aliteremka kwenda kutazama vyuma, na mimi alinichukua kwa sababu ni Mkamba.

"Nyinyi ndio watu wa kuchonga," aliniambia. "Hii kazi iko kwa damu."

Nilimweleza kwamba baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuchonga hata mwiko. Hakusadiki. Aliona ninajishusha, akazidi kuniheshimu. Kila alipochukua kifaa alinipa nami nikitazame, nami nikakunja uso kama mtu anayejua anachokitazama.

Muuzaji wake mkuu alikuwa Shiru, mwanamke mfupi mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo fulani. Kibanda chenyewe kilikuwa chembamba hivi kwamba mteja akiingia yeye alilazimika kutoka. Walibishana kila wiki, Karani na Shiru, na sijawahi kuona watu wakifurahia ugomvi kama wale.

"Shiru, hii randa ina kitambi."

"Karani, hata wewe uko nacho na bado unafanya kazi."

"Punguza basi."

"Nipunguze kitambi ama bei?"

Akapunguza bei, naye Karani akarudi ofisini na randa ndani ya bahasha ya serikali, njaa inamkata, na mchana kutwa akawa mtu mwenye furaha.

Maisha yake yote hakununua kifaa cha bei ghali. Mshahara ulimbana kama ulivyotubana sote, lakini nadhani hata angekuwa tajiri asingenunua. Lilikuwa jambo la imani. Watu walipomwambia rahisi ni ghali, alijibu, "Ni ghali kwa mvivu." Kwa maoni yake, kifaa cha bei ya chini ni kifaa ambacho kiwanda kimekuachia umalize mwenyewe. Randa ikija na tumbo lililobonyea, weka msasa juu ya kipande cha kioo uisugue mpaka inyooke. Patasi butu si patasi mbovu, haijafundishwa tu. Na yule anayenunua ghali, alisema, amemlipa mtu mwingine ale raha yake.

Kusema kweli, mara nyingi alipatia. Kuna patasi fulani za mipini ya plastiki ya manjano, zile ambazo fundi wa maana hawezi kuonekana nazo. Alizinoa jioni baada ya jioni mlangoni pa jikoni, kule Jamhuri walikokuwa wakiishi, mpaka zikawa zinanyoa. Alizijaribia kwenye nywele za mkono wake wa kushoto, kwa hiyo mkono huo ulikuwa na kiraka cheupe kisicho na nywele, na alipotaka kusaini faili alikunja shati kwa makusudi ili tukione. Kuna nyundo ambayo kichwa chake kilichomoka siku ya kwanza na kupita karibu na sikio la jirani. Akaitilia mpini wa mzeituni mwitu, na nyundo hiyo ipo mpaka leo.

Lakini alikosea pia, tena vibaya. Alinunua drili iliyotoa moshi kabla ya kumaliza tundu la pili. Mama Njeri aliichomoa kwenye umeme akaitupa nje kwenye matope, huku Karani akimfuata nyuma akimwambia kwamba huo si moshi, ni rangi inakauka. Alinunua bisibisi iliyojipinda yenyewe badala ya kuzungusha skrubu. Na kuna ile spana inayojirekebisha kufuata kila nati, ambayo mafundi wa Nairobi wanaiita spana malaya. Karani alikuwa mzee wa kanisa, hakuweza kulitamka neno hilo mbele ya watu. Alimwambia Shiru, "Nipe ile spana ya tabia mbaya." Ikateleza siku hiyo hiyo na kumchuna vidole. Kesho yake akanionyesha kidonda bila huruma yoyote kwa nafsi yake, akasema amevuna alichopanda.

Kosa alilolipenda kuliko yote lilikuwa pima maji, kile kijiti cha plastiki chenye tone la hewa la kukuonyesha kama kitu kimelala sawa. Alikitumia kutundika picha yao ya arusi, na picha ikaning'inia kana kwamba bwana na bibi arusi wanateremka mlima. Akagundua kwamba kijiti kilisema hivi upande mmoja, na ukikigeuza kinasema vingine. Mtu mwingine angekirudisha. Karani alikipiga alama ya chaki, akapima uongo wake ni kiasi gani, na tangu siku hiyo akawa anakitumia akiutoa uongo huo kwenye hesabu. "Mwongo ukishamjua uongo wake," aliniambia, "unaweza kufanya naye kazi." Picha yenyewe hakuwahi kuinyoosha, kwa sababu Mama Njeri alikataa. Alisema imekaa kama ndoa yao.

Hakuwa mtu rahisi, nisimpambe. Hakuazima mtu kifaa chochote. Ungemwomba nyundo akakuambia hana, na wewe unaiona pale nyuma yake. Lakini baada ya nusu saa angebisha hodi kwako, suti na yote, nyundo mkononi, aje agonge msumari wako mwenyewe na kukuhubiria jinsi ulivyochagua msumari vibaya. Alikuwa mkali kwa wanaochelewa kanisani na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali kama njiani kuna kibanda cha vyuma. Aliniudhi mara nyingi. Kuna siku nilimwambia mbele ya watu kwamba ana vifaa vingi kuliko fundi yeyote na sijawahi kuona hata kigoda alichokitengeneza. Hakukasirika. Alisema, "Ngoja nistaafu."

Hilo la kustaafu ndilo lililokuwa moyo wa mambo yote. Katika nyumba ile ndogo ya Jamhuri hapakuwa na mahali pa kupasulia ubao. Vifaa vilikaa kwenye makatoni chini ya kitanda, na pamoja navyo, katika makatoni mengine, zilikaa sahani za Mama Njeri. Zilikuwa sahani za kioo alizopewa na akina mama wa kwao siku ya arusi, zenye maua ya buluu ukingoni. Hazikuwahi kutiliwa chakula. Mama Njeri alitaka kabati lenye milango ya kioo, aziweke ambapo mgeni akiingia ataziona. Alipotaka kununua moja kwa maseremala wa Ngong Road, Karani alimzuia. Alimwambia atamtengenezea yeye mwenyewe, kwa mikono yake, wakihamia kwenye ploti yao ya Mutuini. Basi mama wa watu akangoja. Kila nilipowatembelea nilikula kwenye sahani ya plastiki, na mama huyo aliniambia, "Hii ni ya muda tu."

Walihamia Mutuini alipostaafu. Alinitafutia nyumba ya kupanga kwa jirani yake, ndiyo hii ninayokaa hata sasa, na hivyo tukaendelea kuonana. Nyuma ya nyumba, kando ya majani ya ng'ombe, alijenga karakana ya mabati. Vifaa vyote vikatoka kwenye makatoni na kutundikwa ukutani, kila kimoja kimechorewa kivuli chake kwa penseli, ili kikikosekana ukuta useme. Nilisimama pale siku ya kwanza nikaona vitu vyote tulivyovifuata kwa njaa mchana, na nikamwonea furaha ya kweli. Mwaka ule alitengeneza kigoda, mlango wa banda la kuku, na rafu ya Biblia. Vyote vilinyooka. Kisha akanunua mbao za kabati, akazipanga chini ya paa zikauke vizuri, akasema mbao mbichi ni kama ahadi ya mwanasiasa.

Zilipokauka, mambo yakaanza kuharibika.

Kwanza ulikuwa msumeno. Aliniambia una meno mabaya, unavuta upande, nimrudishie Shiru nikienda kazini. Nikamrudishia. Karani akapewa mwingine, na wiki iliyofuata akanikabidhi huo wa pili ukiwa umefungwa kwenye gazeti: huu unatetemeka, bati lake ni jepesi. Ikafuata randa, tena ile ile ya kitambi aliyokuwa ameinyoosha miaka mingi iliyopita, sasa alisema inaruka. Ikafuata patasi. "Vyuma vya siku hizi," alisema. "Zamani hata cha rahisi kilikuwa na adabu." Sikuliona jambo la ajabu. Nani Nairobi hajalalamika kwamba vitu vya siku hizi ni vibovu?

Shiru ndiye aliyeona. Siku niliyompelekea msumeno wa tatu aliutoa kwenye gazeti, akautazama kwa jicho moja, akachukua kipande cha ubao pale nje na kukikata. Ukakata moja kwa moja.

"Hii haina kitu," akasema. "Na ile ya kwanza pia haikuwa na kitu. Niliuzia mtu mwingine, na hajarudi." Akauweka msumeno chini. "Mkono wa Karani uko aje?"

Nilianza kumwambia uko sawa, halafu nikakumbuka. Nikakumbuka kwamba Mama Njeri siku hizi anamjazia kikombe nusu, na nilipomwangalia alisema vikombe hivi vipya vinamwaga. Nikakumbuka Karani kanisani, Jumapili ya Meza ya Bwana, akipita na trei yenye vile vigilasi vidogo, vikigongana mpaka watu wakainua vichwa. Baada ya ibada alisema kanisa limenunua trei ya bei rahisi, haikai mkononi. Jumapili iliyofuata aliomba awekwe mlangoni kukaribisha watu. Yote hayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Shiru alichukua karatasi mpya ya kahawia, akaufunga msumeno ule ule, akaubandika bei mpya.

"Mwambie nimembadilishia," akasema. "Mwambie hii imeingia jana, ni orijino."

Nilirudi nao Mutuini. Karani aliufungua, akaunusa, akasema huu angalau ni msumeno. Alifurahi siku mbili tatu. Na hivyo ndivyo tulivyoishi kwa muda mrefu, mimi nikibeba vyuma vile vile kwenda na kurudi, Shiru akibadilisha karatasi. Hatukukubaliana kwa mdomo kufanya hivyo. Nilikuwa na huzuni kila Jumatatu nikiukumbatia ule mzigo, na bado ningeubeba mpaka leo.

Mama Njeri alimpeleka hospitali hatimaye. Wakaambiwa ni mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitapunguza lakini hazitamaliza. Alizimeza wiki chache, akaziacha. Alisema hata hizo ni za bei rahisi.

Kule karakana mbao za kabati zilizidi kupungua. Alikata, ikapinda, akaitupa, akakata nyingine. Zile zilizopinda Mama Njeri alizitia jikoni kama kuni, na sahani zilibaki ndani ya makatoni. Nilimwambia siku moja kwa upole tumwite fundi. Karani alinitazama kama niliyemtukania mama yake. Mama Njeri alinifuata mpaka getini.

"Usimwambie tena hivyo," akasema. "Mimi sitaki kabati ya fundi."

Jumamosi moja alasiri, si zamani, nilikwenda kwao na mkate na sukari kama kawaida. Mama Njeri alikuwa jikoni akipika chai, akaniambia mzee yuko nyuma na ameulizia habari zangu. Nilimkuta amesimama kando ya benchi, amevaa lile koti la suti la kazini, mikono ndani ya mifuko. Siku hizi ameizoea mifuko. Juu ya benchi palikuwa na ubao wenye mstari wa penseli, na kando ya mstari mkato wa msumeno ulioanza vizuri, ukapotea kulia, ukarudi, ukapotea tena. Ulikuwa miongoni mwa mbao za mwisho. Chini ya paa nilizihesabu zilizobaki kwa macho, sikuona hata za kutosha milango.

"Chukua huo msumeno," akaniambia. "Utazame vile nilikufundisha. Niambie kama umenyooka ama umepinda."

Msumeno ulikuwa umezungushiwa kitambaa mpinini, na ubavu wake umepakwa grisi nyeusi. Nikafunga jicho moja, nikautazama kutoka mpinini mpaka nchani. Nimetazama misumeno mingi na mtu yule, na sikuwahi kuona ulionyooka namna ile. Kisha nikautazama ule mkato ubaoni, na koti lake lililokuwa likitikisika kidogo pale penye mifuko.

"Umepinda, Karani," nikasema. "Hapa katikati. Jumatatu nitampelekea Shiru."

Alitoa mikono mifukoni, akauchukua msumeno, akachukua tambara akaanza kufuta grisi. Ilimchukua muda, maana tambara lilimponyoka, nami nilijua nisimsaidie. Grisi ilipotoka, jina la kiwanda likaonekana limechongwa ubavuni. Hata mimi, niliyekuwa nikijifanya tu miaka yote, nililijua jina hilo. Tulikuwa tukiliona kwenye madirisha ya maduka na kupita.

"Hii si ya Shiru," akasema. "Nilienda Spring Valley peke yangu, kwa ile duka ya matajiri. Nikawaambia wanipe ile ghali kabisa. Kijana wa pale akaniuliza kama ni ya kumpea mtu zawadi."

"Karani, kwa nini lakini?"

"Nilitaka kifaa moja tu ambayo siwezi kusingizia." Akauweka msumeno juu ya benchi, nao ukagonga benchi mara kadhaa kabla mkono haujauachilia. "Mmenidanganya vizuri sana, wewe na Shiru. Ile karatasi ya kahawia. Na huyu mama na vikombe vyake. Sina ubaya na nyinyi. Lakini nilitaka kujua, na sasa nimejua."

Nikalia. Sikujificha, wala yeye hakuniambia ninyamaze. Alisimama pale akitazama ukuta wa vifaa vyake, vivuli vya penseli na vyuma juu yake, na niliona anavitazama kama watu ambao amewasema vibaya kwa muda mrefu bila kosa lao.

Sijui Mama Njeri alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Alikuwa na trei ya chai, kikombe kimoja kimejaa na kingine nusu. Aliiweka chini, juu ya kile kigoda cha mwaka wa kwanza, akajifuta mikono kwa leso, akaja akaushika ule msumeno wa gharama.

"Mstari ni upi?" akauliza.

"Mama Njeri, wacha."

"Nimekuuliza mstari ni upi."

"Ni ule wa penseli. Lakini hujawahi kukata ubao wewe."

"Na sahani hazijawahi kuona kabati. Hazitajua kama imepinda." Akanigeuzia mimi macho. "Shika huko mwisho."

Nikasogea, lakini Karani alinitangulia. Hakuushikilia ubao kwa mikono. Aliuweka juu ya vibao viwili chini, akageuka, akaukalia, na koti lake la suti. "Mikono imeniacha," akasema, "kilo bado ninazo." Ubao ukatulia kabisa chini yake.

Mama Njeri akaanza kukata. Alikata kama anayekata sukuma, kwa haraka na kwa nguvu, ulimi ameubana kwa meno, na unga wa mbao ukamwagika juu ya viatu vya mumewe. Karani alifungua mdomo mara mbili au tatu, nikajua ni mafundisho yanakuja, taratibu, usisukume, acha meno yafanye kazi. Kila mara aliufunga. Kipande kikaanguka. Tukakitazama sote watatu. Mkato ulikuwa umeukimbia mstari tangu mwanzo, ukaenda zake kama ng'ombe aliyekata kamba.

"Imepinda," akasema Mama Njeri, akihema. "Angalia. Nimeiharibu."

Karani aliinama pale alipokaa, akakiokota kile kipande kwa mikono yake yote miwili. Akafunga jicho moja, akautazama ule mkato kutoka mwanzo mpaka mwisho, kipande kikimtetemekea usoni.

"Si wewe," akamwambia. "Ni msumeno."